Kahawa Aliyoinywa Daktari Munib

Katika kitabu cha Daktari Munib, baada ya kijana namba arobaini anakuja kijana namba arobaini na mbili. Wanafunzi wa chuo kikuu hapa Irbid hudhani ni kosa la mpiga chapa, na mpiga chapa ni mimi. Mmoja alinifuata mpaka ofisini akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba zipu yake iko wazi, kuwa nimeruka namba. Nikamshukuru. Sikumwambia kwamba namba arobaini na moja yu hai, ana afya njema, na kwamba alifutwa kwa sababu ya kumpenda binti wa watu.

Daktari amefariki, hii ni wiki ya saba. Naandika nyuma ya karatasi za mahojiano zilizobaki, kwa sababu nimeanza kuwasikia watu wakimsimulia kama mzee mwenye busara asiyekosea. Alikosea. Siku moja alifundisha mpaka adhuhuri na viatu vya jozi mbili, na alipoambiwa akasema vyote ni vyeusi. Nataka akumbukwe na viatu vile.

Kazi yake ilikuwa hii. Kwa miaka kumi na mmoja aliwafuatilia vijana waliolelewa kwenye makao ya watoto. Alikuwa akiwahoji siku wanayotoka, wakiwa na miaka kumi na minane. Kisha wakiwa na ishirini. Kisha wakiwa na ishirini na mitano. Kila mara aliwapa karatasi yenye duara tatu, moja ndani ya nyingine. Katikati unajiandika wewe. Kwenye duara ya karibu unaandika walio karibu nawe, kwenye ya mbali walio mbali. Swali lilikuwa moja tu: watu wako ni nani?

Mimi mwenyewe nimekulia kwenye makao, tuliyaita Nyumba tu, lakini nilitoka kabla utafiti haujaanza, kwa hiyo sikuwahi kuwa namba. Nilikuwa na cheti cha sekondari na vidole vyepesi. Nilimwendeshea Daktari gari, nikasikiliza kanda zake za mahojiano, nikaziandika neno kwa neno. Hata kimya alitaka kiandikwe. Mtu akinyamaza, nilitakiwa kuhesabu: kimya, sekunde nne, kimya, sekunde kumi. Alisema kimya nacho ni jibu, ila halina herufi.

Alikuwa na kanuni nyingine, na hiyo ndiyo iliyotuletea balaa. Mwanzoni kabisa mwa utafiti alikwenda mji wa Zarqa na mwenzake kumhoji msichana aliyekuwa na wiki tatu tangu apange chumba chake cha kwanza. Msichana akawapikia chai. Yule mwenzake akasema ahsante, nimetoka kunywa sasa hivi. Saa nzima iliyofuata msichana alijibu ndiyo na hapana tu. Tangu siku hiyo, Daktari alikunywa chochote alichopewa na kijana, papo hapo, kabla ya swali la kwanza, na akarudisha kikombe kikiwa kitupu. Kuna siku tulizungukia watu saba, akanywa kahawa saba, na usiku mkewe akanipigia simu kuniuliza nimemlisha nini mume wake.

Qutaiba ndiye aliyekuwa namba arobaini na moja. Alikuwa fundi wa matangi ya maji na hita za jua, mtu wa kushinda juu ya mapaa ya watu. Alipohojiwa mara ya kwanza alikaza vidole juu ya magoti, na kwenye duara ya karibu hakuandika kitu. Kwenye ya mbali aliandika jina moja: Abu Sanad, bawabu wa Nyumba. Mara ya pili aliongeza Umm Wisam, mpishi wetu, na Yanal kinyozi, aliyekuwa akija kila Alhamisi kutunyoa bure, mtindo mmoja kwa wote, mpaka kichwa cha mtoto wa Nyumba kikawa kinajulikana mtaa mzima.

Mara ya tatu hakuigusa karatasi. Kanda ile ninayo.

"Kabla sijajibu," anasema, "nami nina swali."

"Uliza," anasema Daktari.

"Utaniongozea posa?"

Kimya, sekunde ishirini na tatu.

Binti alikuwa Sundus, wa Ajlun, mpimaji wa damu katika zahanati moja ambayo Qutaiba aliitengenezea hita. Hita ile iliharibika mara nne katika miezi miwili, na sijui fundi gani mwingine angelipwa kwa kazi ya namna hiyo. Sundus alikuwa yatima wa baba. Aliyemlea ni babu yake, Haji Mifleh. Umm Wisam alikuwa ameshatangulia na wanawake wawili kwenda kuonana na bibi wa binti, kama ilivyo desturi, na alirudi na habari nusu nusu.

"Bibi kakubali kabla sijavua viatu," alituambia. "Babu ndiye mlima. Anajua Qutaiba katoka wapi, na hilo halimsumbui, kasema mwenyewe. Lakini kasema hivi: siozeshi mtu anayesimama mlangoni peke yake. Awalete watu wake nikae nao."

Hapo ndipo penye shida. Kijana mwingine angewaita ami zake na wajomba zake. Qutaiba angemwita nani? Bila watu hakuna posa, na bila posa hakuna Sundus. Haji Mifleh alikuwa amempa mpaka Ijumaa ya pili.

Daktari, kwenye kanda, anakohoa.

"Qutaiba, mwanangu, mtafiti ni kama mgeni wa harusi. Anaangalia, anakula, hagusi kitu. Nikikuposea nimeingia katika maisha yako. Siwezi tena kukuhoji."

"Umekuwa ukiingia tangu nina miaka kumi na minane."

"Nilikuwa naangalia."

"Basi umeangalia vya kutosha."

"Itabidi niiulize kamati ya maadili ya chuo."

"Inakaa lini?"

"Baada ya mitihani."

"Sawa. Sundus atakuwa na wajukuu wakubwa tu, watatupokea vizuri."

Kimya, sekunde tisa. Kisha unasikika mlio wa kitufe, Daktari ameizima mashine.

Jioni ile aliniita, akaniambia nimfute namba arobaini na moja kwenye daftari. Mahojiano matatu, miaka saba, yote. "Tumia rula," akasema, "isionekane kwamba nimekasirika." Nikapiga mstari. Akauangalia, akasema umepinda. Nikapiga mwingine.

Tukaanza kukusanya watu. Abu Sanad alikubali kabla hatujamaliza sentensi, kisha akalalamika wiki nzima kwamba hakuulizwa kwanza. Yanal kinyozi akasema atakuja na mkasi, maana hawezi kuingia nyumba ya watu na vichwa vile. Vijana wa Nyumba waliojitokeza walikuwa kumi na wawili, mmoja katoka Aqaba kwa basi la usiku kucha. Majaketi yalikuwa tisa. Matatu kati ya hayo yalikuwa ya mtu mmoja. Daktari ndiye angeongoza, kwa kuwa alikuwa na mvi na cheo, na kwa kuwa Abu Sanad akipewa nafasi ya kuhutubia humaliza na habari za goti lake.

Jumatano tulifanya mazoezi ofisini. Abu Sanad alimkalisha Daktari kitini, akasimama mbele yake kama mwalimu wa chekechea.

"Sikiliza, Daktari. Wewe umesoma, lakini hili halimo vitabuni. Kahawa ikija, unaipokea, unaiweka chini mbele yako. Huigusi. Wenyewe wataona hujanywa, watakuuliza una haja gani. Hapo unasema: tumekuja kumwomba binti yenu kwa mwanetu. Wakikubali, watakwambia kunywa kahawa yako. Ukinywa kabla ya hapo, maana yake umekuja kunywa kahawa, umekunywa, kwaheri. Umenielewa?"

"Abu Sanad, mimi ni mtu wa nchi hii. Nimekwenda posa za watu."

"Ulikaa mstari wa nyuma na daftari. Nayif, mimina."

Nikamimina. Daktari akaipokea finjani, akanywa.

Tukamwangalia.

"Samahani," akasema. "Mazoea. Rudia."

Nikamimina tena. Safari hii aliishika muda, akaanza kumwambia Yanal jambo juu ya ukoo na majina, na katikati ya maneno finjani ikapanda mdomoni yenyewe. Yanal akafunika uso kwa taulo.

"Mpe tupu," akasema Abu Sanad.

Nikampa finjani tupu. Akaiinua, akachungulia ndani, akanigeukia kwa huruma. "Nayif," akasema, "umesahau."

Ijumaa baada ya swala ya alasiri tulipanda Ajlun kwa magari manne. Njia nzima Abu Sanad, aliyekaa nyuma ya Daktari, alimwambia neno moja tu sikioni: weka, weka, weka. Daktari alikuwa na hotuba mfukoni, kurasa nne. Hakuwa amekula, kwa sababu alikuwa na sukari na alitaka, alisema, kuacha nafasi ya kunafa, ile keki tamu ya jibini na siagi. Qutaiba alikuwa katika gari letu. Tulipofika kwenye msitu wa mialoni aliomba tusimame, akashuka, akafunga kamba za viatu vyake ambavyo havikuwa na kamba.

Haji Mifleh alitupokea mlangoni. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, kilemba chake chekundu kimekaa sawa kama kimepimwa kwa pimamaji ya fundi, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba wanaume warefu wote pale walikuwa wameinama kidogo. Upande wao walikuwa wanawe, majirani, watu kama ishirini. Tukakaa kwenye baraza ya wageni, wao upande wao, sisi upande wetu, katikati zulia. Salamu zikaenda zikarudi. Kisha Ratib, mwanawe mkubwa, ambaye ni ami yake Sundus, akaingia na dele la kahawa.

Finjani ya kwanza ilikwenda kwa Daktari. Akaipokea kwa mkono wa kulia, vizuri kabisa. Nilimwona Abu Sanad akisogeza midomo: weka. Lakini wakati huohuo nilimwona na Qutaiba, kwenye kiti cha mwisho, amekaza vidole juu ya magoti, vilevile kama siku ya kwanza alipokuwa na miaka kumi na minane. Nadhani Daktari naye aliviona. Naye akafanya lile analolifanya akiviona vidole vya namna hiyo.

Akanywa. Wala hakuishia hapo. Akaitikisa finjani mara mbili, kuonyesha kwamba inatosha, ahsante, akamrudishia Ratib.

Kama ningekuwa naandika kanda ningeandika: kimya, sekunde kumi na tisa.

"Ratib," akasema Haji Mifleh.

"Naam, baba."

"Mgeni wetu alikuwa na kiu."

"Naam, baba."

"Mwongeze."

"Ametikisa finjani, baba. Ametosheka."

"Alhamdulillahi." Haji akaangalia zulia. "Basi haja iliyowaleta imekwisha. Mmetoka mbali sana kwa ajili ya kahawa, jamani. Kwani huko Irbid imeadimika?"

Majirani wakacheka ndani ya sharubu zao. Lakini Haji mwenyewe hakucheka, na Ratib alisimama na dele lake hajui ammiminie nani. Qutaiba alikuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa.

Ndipo Abu Sanad alipomgeukia.

"Si nilikwambia? Si nilikwambia, Munib?" Miaka yote hakuwahi kumwita bila cheo. "Kuanzia Irbid mpaka hapa nimekwambia neno moja. Hata punda angelishika."

"Mazoea," akasema Daktari kwa sauti ndogo.

"Mazoea ya nini? Mazoea ya kuaibisha watoto wa watu?"

"Mtu aliyejaribu kunywa finjani tupu," akasema Yanal, "mnamkabidhi iliyojaa. Mimi nawalaumu ninyi."

"Mimi nilisema aongoze Abu Sanad," akasema Ubada, yule aliyetoka Aqaba.

"Wewe nyamaza, jaketi lenyewe si lako."

"Si langu, lakini mimi sijanywa."

"Nayif angekaa naye karibu angemshika mkono," akasema kijana aliyekaa ubavuni mwa Daktari.

"Ningekaaje karibu," nikasema, na najuta kwamba nilisema kwa sauti, "na wewe umejaza kiti kwa hilo tumbo?"

Tulikuwa tumesahau tulipo. Watu kumi na sita, kila mmoja na lake, na katikati yetu Daktari kajikunja kama mtoto aliyevunja sahani. Bwana harusi hasemi siku ya posa. Hukaa na kuangalia viatu vyake. Lakini Qutaiba alisimama, akapita juu ya zulia, akainama mbele ya Daktari.

"Mwacheni," akatuambia. "Hajala tangu asubuhi, ana sukari, na njia nzima mmempigia kelele sikioni. Mimi mwenyewe ningekunywa." Kisha akamwambia yeye, polepole, "Ami, kaa vizuri. Una tende mfukoni? Kula moja. Ni kahawa tu."

Nimeandika saa nne za kanda za Qutaiba, na ndani yake anamwita Daktari mara mia na zaidi. Neno ami nililisikia pale kwa mara ya kwanza.

"Mmemaliza?" akauliza Haji Mifleh.

Abu Sanad akavuta kilemba chake mbele, akatamani, alinieleza baadaye, zulia limfunike.

"Mwezi uliopita," akasema Haji, "nilialikwa kwenye posa ya jirani yangu huyu hapa. Washenga walikuja na mkubwa mmoja mstaafu awaongoze. Kaongea maneno matamu, na kahawa hakuigusa, adabu tupu. Kisha akamtaja bwana harusi kwa jina la mtu mwingine. Wakamwacha. Watu thelathini wamekaa pale, hakuna aliyemsahihisha." Akamgeukia jirani. "Uongo?"

"Kweli, Abu Ratib," akasema jirani. "Na mpaka leo wanamwita hivyo kwa utani."

"Ninyi hamna hata nusu saa nyumbani kwangu, mmeshavuana nguo mbele ya watu." Akatuangalia mmoja mmoja, mpaka kwenye majaketi. "Ratib, niletee finjani yangu."

Ratib akammiminia. Haji akaipokea, akainama, akaiweka chini juu ya zulia mbele yake, akaondoa mkono.

Nikasikia mtu upande wao akivuta pumzi. Hakuna aliyewahi kuona mwenye nyumba akiweka finjani chini.

"Mgeni kanywa," akasema Haji, "basi leo mwenye haja ni mimi. Nami sinywi mpaka nijibiwe. Binti yangu hana baba. Mimi nina miaka sabini na tisa. Ndoa ni ndoa, kuna siku kijana wenu atamkosea, na Sundus atanipigia simu analia. Mimi nitataka kumpigia mtu. Nani? Sitaki cheo chake, sitaki kazi yake. Nataka mtu ambaye nikimweleza ataona aibu."

Daktari aliinua uso. Niliujua uso ule. Ndio aliokuwa nao kila mara kijana alipomwambia jambo ambalo halimo kwenye orodha ya maswali. Mkono ukaenda mfukoni kutafuta kalamu. Abu Sanad akaupiga kofi.

"Mimi, Haji," akasema Daktari. "Nipigie mimi."

"Na mimi," akasema Abu Sanad. "Huyu simu yake haipokelewi. Akiwa na wanafunzi anaizima, na akitoka anasahau kuiwasha. Chukua namba ya kibanda cha getini, nakaa mimi mchana na usiku."

"Na yangu," akasema Yanal. "Ya kinyozini. Kama nanyoa atapokea mteja."

"Mmoja anatosha," akasema Haji.

"Hatoshi," akasema Ubada. "Haji, wewe humjui Qutaiba. Akikasirika anapanda juu ya paa hashuki. Itabidi apigiwe mtu aliye karibu na ngazi."

Ratib alikosa karatasi. Akachukua kifuniko cha sanduku la kunafa, akaandika pale, namba kumi na sita, moja chini ya nyingine, na siagi ikipenya kwenye wino. Daktari aliisema yake mara mbili, mara ya kwanza alikosea tarakimu.

Haji Mifleh akasubiri mpaka kalamu iliposimama. Kisha akaichukua finjani yake juu ya zulia, akanywa mara moja, akafuta sharubu.

"Kunyweni kahawa yenu," akasema.

Ratib akazunguka upya. Alipomfikia Daktari, Daktari akaipokea finjani, akainama, akaiweka chini kwa makini makubwa, akakunja mikono.

"Sasa ndiyo unaiweka?" akauliza Haji.

"Bado sijasema haja yangu, Haji."

"Umeshapewa."

"Najua. Lakini nimeandika."

Akatoa zile kurasa nne, akazisoma zote. Watu thelathini na zaidi tukakaa na kunafa inapoa, tukisikiliza tukiombewa kitu tulichokwisha kupewa. Kwenye ukurasa wa tatu Haji alisinzia. Daktari alipomaliza, tukasoma Fatiha, na kutoka ndani tukasikia vile vigelegele vya Umm Wisam, ambaye hata hakualikwa siku hiyo na hatukujua amefikaje.

Njiani kurudi hakuna aliyemsema Daktari tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyelirudia, tulipokaribia taa za Irbid.

"Nayif, miaka yote hii nimewauliza vijana nani yuko karibu nao. Sikuwahi kuwauliza nani ataona aibu kwa ajili yao."

"Liongeze kwenye karatasi," nikamwambia.

"Nimeshapoteza namba ya kumwuliza."

Aliliongeza hata hivyo, kwa vijana waliofuata. Limo ukurasa wa tisini na sita wa kitabu, na hakusema kalitoa wapi.

Haji Mifleh alianza kupiga simu wiki ya pili baada ya harusi. Sundus hakuwa amelia. Haji alilalamika kwamba kijana wetu anachuma zeituni kama anayeng'oa meno. Daktari akainuka kitini ofisini, wanafunzi wakiwa mbele yake, akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Nimeona aibu, Haji." Mwezi uliofuata kijana wetu alikuwa amemfungia hita ya jua ikielekea kivulini. "Nimeona aibu, Haji." Kisha kijana wetu anakoroma, na nyumba zimepakana. Miaka mitatu mambo yalikwenda hivyo, na kila mara Daktari aliweka simu chini akiwa na uso wa mtu aliyepandishwa cheo.

Alipofariki, Haji alishuka na wanawe wote. Alikaa kwenye matanga siku tatu, mstari wa mbele. Kahawa chungu ya msiba ilipomfikia, aliishika muda mrefu kabla ya kuinywa.

Mjane alinipa simu ya Daktari, niwajulishe vijana waliobaki kwenye utafiti. Juzi Jumanne ikalia. Nikaona jina.

"Nani huyo?" akauliza Haji Mifleh.

"Nayif, ami. Wa kanda."

Kimya. Nilihesabu, mkono umezoea. Sekunde thelathini na moja.

"Kijana wenu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida, "amepogoa mzeituni wa mlangoni kwangu. Aliupanda baba yangu. Umebaki kama fimbo ya kipofu."

"Nimeona aibu, ami," nikasema.

"Vizuri." Akakohoa. "Ijumaa uje uuone mwenyewe. Na kahawa, wewe unakunywa?"

"Nakunywa nikiambiwa."

"Tutaona," akasema, akakata simu.